Kopo la biskuti lenye rangi tisa

Kopo lenyewe ni la bati, la mstatili, la zile biskuti za siagi tunazopelekeana wakati wa Idi. Picha ya maua kwenye mfuniko imeanza kuchubuka pembeni. Ndani yake sasa hivi kuna vidonge tisa vya rangi ya kupaka kwenye kope, safu tatu tatu, vyote mati, hakuna hata kimoja kinachometameta. Ukilifungua haraka utadhani ni sampuli za udongo za bwana shamba. Mimi nikilifungua naona Jumamosi za miezi mitano na macho ya wanawake wapata ishirini.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: Jumatatu hadi Ijumaa ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Tandika, Dar es Salaam. Jumamosi na Jumapili napamba. Maharusi, sendofu, kicheni pati, maulidi, mama mzazi anayetoka arobaini na anataka apigwe picha akiwa na mwanawe. Sina saluni. Nina begi, kioo na stuli ya kukunja, na mteja wangu mara nyingi anakaa kwenye kiti cha plastiki uani, huku watu wakipita na masufuria ya pilau. Kazi hii naipenda kuliko ile inayonilipa mshahara, na ndiyo maana nimeamua kuandika habari ndefu kuhusu kitu kidogo kama kidonge cha rangi ya kahawia.

Mwaka juzi nilinunua paleti, yaani kasha moja la rangi nyingi, kubwa ya rangi 35 kwa shilingi 45,000. Jina lake naliacha. Ilikuwa nzuri ukiitazama, ina bluu ya bahari, ina kijani cha kasuku, ina dhahabu za kila namna, na mati zake zilikuwa kumi na kitu. Baada ya mwaka mmoja nikakaa chini kuihesabu. Rangi sita zilikuwa zimeliwa hadi bati la chini linaonekana. Zile 29 nyingine zilikuwa kama zilivyotoka dukani, nyingine hata alama ya brashi hazina. Na zile sita zilizoisha zote zilikuwa kahawia na jamaa zake. Sasa huwezi kurudi dukani ukasema nipe kahawia hii peke yake. Unanunua tena nzima, unaongeza bluu nyingine na kijani kingine kwenye kabati.

Lakini kilichonivunja moyo haswa ni sendofu ya mdogo wangu. Nilimpamba mwenyewe, kwa mkono wa taratibu, saa nzima na nusu. Kwenye kioo alikuwa amependeza. Jioni mpiga picha alipoanza kumulika na taa yake, nikaziona picha kwenye kamera: kope zake zilikuwa za kijivujivu, kama mtu aliyekuwa anapuliza jiko la kuni. Mama akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona mwenzio machoni kama ana vumbi?" Nilimfuta haraka na kitambaa chenye maji, nikarudishia kwa wanja na kahawia moja niliyoiamini. Mdogo wangu mpaka leo hajanilaumu hata siku moja. Mimi ile picha ya kwanza ninayo kwenye simu, na ndiyo iliyonifanya nianze kusoma kilichomo ndani ya hizi rangi.

Rangi ya macho ya unga, ya bei yoyote ile, ni jamaa walewale: madini ya talki na maika, pengine kaolini ambayo ni udongo mweupe, kitu cha kuushikisha unga usimwagike kama magnesiamu stiareti au mafuta ya silikoni, halafu rangi yenyewe. Kahawia karibu zote za machoni zinatokana na oksidi za chuma, yaani ndugu wa kutu, iliyotengenezwa kiwandani ikiwa safi: nyekundu, ya manjano na nyeusi. Ukichanganya hizo tatu kwa vipimo tofauti unapata kila kahawia unayoijua, kuanzia ya mchanga hadi ya kahawa. Ili kuipausha, wanatia titani dioksaidi, ambayo ni nyeupe pe.

Hapo ndipo ngozi zetu zinapoumia. Kidonge cha bei rahisi mara nyingi kina talki nyingi na nyeupe nyingi, rangi kidogo. Kikiwa ndani ya kibati chake kinaonekana kahawia vizuri kabisa, lakini ukikipaka kwenye kope nyeusi, ile kahawia kidogo inazama kwenye ngozi na nyeupe inabaki juu. Ndiyo majivu tunayoyaona. Mtu mweupe anaweza kupaka kidonge hicho hicho asione tatizo lolote, kwa hiyo yule aliyekijaribu kiwandani huenda hakuona kasoro.

Za kumetameta zina pa kujificha. Ule mmeto ni vipande vyembamba vya maika vilivyovikwa titani dioksaidi, mwanga unavigonga na kurudi, na jicho la mtazamaji linafuata mwanga. Ukipaka vibaya kidogo hakuna anayejua. Mati haina mwanga wa kukusaidia. Ikishika mahali pamoja zaidi ya pengine, doa linaonekana. Ikiwa na majivu, yanaonekana. Kwa hiyo kutengeneza mati nzuri ya bei nafuu ni kazi ngumu kuliko kutengeneza ya kumeta, na mtengenezaji anayeiweza kwa bei ndogo anastahili heshima yangu.

Shida hii ni ya zamani. Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda New York mwaka 1975, amesimulia mara nyingi alivyoulizwa na mpambaji kwenye mojawapo ya kazi zake za mwanzo kule kama amekuja na fandesheni (krimu ya kusawazisha rangi ya uso) yake mwenyewe, maana pale hapakuwa na inayomfaa. Akaanza kuchanganya za kwake, na mwaka 1994 akafungua kampuni ya vipodozi kwa wanawake wa rangi zetu. Naipenda habari hiyo kwa sababu ya neno moja: kuchanganya. Hakusubiri aletewe.

Basi nami nikataka paleti ambayo kila kilichomo nimekichagua mimi, na kikiisha nakinunua hicho tu. Wenzetu wanayo zamani. Kampuni ya vipodozi ya MAC wanauza vidonge peke yake vya duara, upana milimita 26, unavipanga kwenye kasha lenye sumaku. Kampuni nyingi zikaufuata ukubwa huo, kiasi kwamba kidonge cha huyu kinakaa kwenye kasha la yule. Inglot wa Poland, waliofungua mwaka 1983 katika mji wa Przemyśl, wana mfumo wao ambao mteja anajipangia paleti yake kidonge kwa kidonge. (Dada zangu wa Tanga mnaweza kuwa mnawajua kwa jambo jingine: ndio waliotoa ile rangi ya kucha inayopitisha hewa na mvuke, ambayo wanawake wengi wa Kiislamu waliikimbilia kwa ajili ya udhu. Mjadala wake siuingii.) Tatizo ni kwamba kidonge kimoja cha kampuni hizo, kikiletwa na ndugu kutoka Dubai, kinakaribia kula malipo ya mteja wangu mmoja.

Nikaenda Kariakoo. Kule kuna maduka yanayouza vidonge vimoja vimoja, vinavyokuja kutoka Guangzhou, China, pamoja na kope za bandia na brashi, kila kimoja ndani ya kisanduku cha plastiki kisichozidi kiganja cha mtoto. Shilingi 4,000. Kijana wa dukani aliponiona nainama na kuanza kuvigeuza kimoja kimoja kutazama chini, akaniambia, "Anti, hizo zote ni moja, chagua tu rangi." Nikamwambia mwanangu, si moja. Vingine vilikuwa na karatasi nyuma yenye viambato, namba ya toleo, tarehe na ile alama ya kikopo kilicho wazi chenye 24M au 12M, yaani miezi ya kutumia baada ya kufungua. Vingine nyuma ni vitupu kama kiganja. Vitupu sikuvichukua hata kimoja, hata kama rangi ilinivutia. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, na chini yake kuna jicho. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lakini duka ni duka, na macho ya mteja wangu nayalinda mimi kwanza.

Kuna kidonge cha zambarau ambacho karibu kinitoe machozi kwa uzuri. Rangi ya zambarau mbivu iliyopasuka. Nyuma kwa maandishi madogo kimeandikwa kisitumike karibu na macho. Hii mtaiona sana kwenye zambarau na waridi kali: baadhi ya rangi hizo Marekani hazijaruhusiwa kwa eneo la macho, kwa hiyo watengenezaji wanaziita jina jingine, wanazipanga humo humo na rangi za macho, na onyo wanaliandika nyuma kwa herufi za siafu. Nilikirudisha. Usiku ule niliwaza kile kidonge mpaka nikalala.

Kwa miezi mitano nimenunua vidonge 16. Nimebakiza vinane. Vinane vingine nimewapa watoto wa jirani wapakie midoli. Ni shilingi 32,000 hizo, na sizisemi kwa furaha.

Nilivyovijaribu ni hivi. Kupaka mkononi dukani kunasaidia kidogo sana. Ngozi ya ndani ya mkono ni nyeupe kuliko kope, ni kavu, haikunjikunji. Karibu kila rangi inapendeza pale. Mimi nilikuwa napaka jicho la kulia rangi moja na la kushoto nyingine, rangi zinazokaribiana ili nisionekane kituko, halafu naenda kazini. Saa moja na nusu asubuhi napaka, saa kumi na moja jioni naangalia. Duka letu limeezekwa mabati, na Februari ya Dar mnaijua. Kuanzia saa sita mchana paji la uso linatiririka. Rangi inayokaa kwenye kope zangu siku nzima ndani ya lile duka, huku napokea hela za saruji na nondo, itakaa kwa bibi harusi anayeingia ukumbini saa mbili usiku akiwa na machozi.

Wiki ya kwanza nilijaribu bila kitu chini, ngozi tupu. Karibu zote zilikusanyika kwenye mkunjo ifikapo saa saba. Wiki ya pili nikaweka konsila (krimu ya kuficha madoa) chembamba sana, nikakipigapiga kwa kidole mpaka kikaisha, halafu pauda kidogo kama ya kumpaka kifaranga. Hapo ndipo vidonge vilipoanza kujitenga, vizuri huku na vibaya kule. Mati inataka mahali pakavu ambapo bado pananata kidogo kwa mbali. Ukiipaka juu ya konsila mbichi inang'ang'ania pale ilipotua kwanza, na doa hilo hutaliondoa hata ukisugua mpaka kesho.

Rangi nimezipa majina yangu, maana vidonge vyenyewe vina namba tu, na namba hainiambii kitu nikiwa uani nina haraka.

Karanga ndiyo mama wa kopo zima. Ni kahawia ya karanga iliyokaangwa na kutolewa ganda lile jekundu, ina joto kidogo, si ya njano wala si ya kijivu. Hii ndiyo napaka kwanza kwenye mkunjo kwa brashi pana yenye nywele laini, mkono mwepesi, kwenda na kurudi kama anayefagia unga kwenye kibao cha chapati. Ukiwa na Karanga nzuri, nyingine zote zinapata pa kuishia bila kuacha mstari. Nimewaona wapambaji wenzangu wanaanza na rangi iliyoiva kabisa halafu wanahangaika kufifisha pembezoni kwa nusu saa. Anza na ya kati. Na ya kati kwa ngozi zetu si ile wanayoiita ya kati kwenye video za Wazungu. Yao inakaribia rangi ya mchanga, na kwetu mchanga ni majivu. Ya kwako iwe imeiva kuliko kope zako kwa ngazi moja au mbili tu, na iegemee wekundu. Nilinunua vidonge vinne kabla sijampata Karanga.

Chungu ni rangi ya chungu kipya ambacho hakijawahi kukaa jikoni. Halua ni ile nyekundu ya kahawia ya halua ya Unguja ukiiinua kwenye mwanga, na nitarudi kwake. Damu ya mzee mnaijua, haina haja ya maelezo, na kwa mtu mweusi sana hakuna rangi inayompendeza kama hiyo pembe ya nje ya jicho. Kahawa naitumia badala ya wanja kwa wanawake wasiopenda wanja: brashi nyembamba ya mshazari, tone la maji, mstari mmoja juu ya kope za juu. Chai ya maziwa inakaa chini ya nyusi, kidogo tu. Ukwaju ni kahawia chachu, ina uzambarau ndani yake, ndiyo iliyonifariji baada ya kuiacha ile zambarau.

Bizari haikutoka Kariakoo. Ilikuwa kwenye paleti ya zamani, mati ya manjano iliyokolea, mojawapo ya zile 29 ambazo sikuzigusa kwa kuziogopa. Niliweka ile paleti juu ya pasi ya nywele yenye moto wa kati, nikangoja gundi ilainike, nikaitoa Bizari kwa ncha ya kisu. Nimeona ukiipaka kidogo sana katikati ya kope juu ya Chungu, jicho linafunguka kama limepata usingizi. Mwaka mzima ilikuwa pale na mimi naipita.

Mkaa, nyeusi, ilinichukua mara tatu. Nyeusi mati ya bei nafuu ndiyo mtihani mkubwa. Ya kwanza ilikuwa kijivu. Ya pili ilikuwa nyeusi lakini inamwagika mashavuni kama masizi, unamaliza macho unaanza upya fandesheni. Ya tatu imebanwa vizuri, ukigusa kwa kidole unasikia ulaini kama wa sabuni kavu, na unga hauruki. Ugusaji huo nauamini sana siku hizi. Kidonge kibaya kinakwaruza kama chaki ya ubaoni, au kinakuwa kigumu mpaka brashi inateleza. Kikiwa kizuri halafu baadaye kikagoma kutoa rangi, usikitupe: ni mafuta ya vidole yametengeneza ngozi juu. Bandika selotepu, ibandue, ile ngozi inaondoka nayo.

Sasa kopo. Makasha matupu yenye sumaku nilikuta kwa shilingi 25,000, nikaona hapana. Nikaenda kwa wachapaji wa mabango, wale wanaotengeneza matangazo ya kubandika kwenye magari, nikauziwa kipande cha sumaku bapa kwa 5,000. Nikakikata kulingana na sakafu ya kopo, nikakibandika. Vidonge sita vikashika. Vitatu vikawa vinateleza huku na huku. Kumbe vibati vya hivyo vitatu ni alumini, na alumini sumaku haina habari nayo. Nilikaa nalo lile kopo magotini nikifikiri nitavirudisha, ndipo nikakumbuka kwamba kopo lenyewe ni la chuma. Nikaibandua sumaku yote, nikaikata vipande vidogo vya duara, nikabandika kimoja kimoja chini ya kila kidonge. Vyote tisa vikakamata bati kwa mlio mdogo, tik, na sumaku nyingi nikabaki nayo. Kama una kopo la biskuti nyumbani, lipime kwanza kwa sumaku yoyote ya friji, na uangalie kina: mfuniko ukifungwa usiguse rangi.

Jumla yangu ni shilingi 69,000, ukiweka na vile vinane nilivyovitoa. Ndiyo, ni zaidi ya paleti ya 45,000. Lakini Karanga ikiisha, na itaisha kabla ya zote, nitalipa 4,000. Mpaka sasa nimeshaingia mara mbili kwenye harusi ambapo kila rangi niliyoibeba niliitumia. Begi ni jepesi. Kichwa pia.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kila mahali. Januari 2024, Dar ilipokumbwa na macho mekundu, niliahirisha wateja wote wa wiki tatu, na mmoja hakurudi. Tangu hapo brashi haitoki kwenye jicho la mtu ikarudi kwenye kidonge. Nakwangua unga kidogo kwa kisu cha plastiki, naweka kwenye kisahani, brashi inachota pale, kinachobaki kinatupwa. Kila mteja na brashi zake safi. Vidonge nikimaliza siku navipulizia spiriti ya asilimia 70 na kuviacha wazi vikauke. Wanja wa penseli na maskara sishirikishi watu kabisa, mteja aje na vyake. Kwa vidonge vimoja vimoja hata usafi umekuwa rahisi: kile kilichotumika nakitoa, nakishughulikia peke yake.

Kahawa iliwahi kupasuka, bajaji iliruka tuta pale Temeke. Niliisaga yote ikawa unga, nikatia matone ya spiriti hadi ikawa kama tope la mfinyanzi, nikafunika na kipande cha khanga kuukuu, nikaibana kwa sarafu. Asubuhi ilikuwa imekauka. Imekuwa ngumu kidogo kuliko ilivyokuwa, lakini inafanya kazi.

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja kutoka Tanga, Ngamiani, kwa ajili ya macho yake hospitali. Ana miaka 61. Ndiye aliyenifundisha kupaka wanja kabla sijajua kusoma, na yeye mwenyewe maisha yake yote machoni hajawahi kupaka kitu kingine. Daktari alimwambia macho hayana shida, ni miwani tu. Siku ya mwisho kabla ya kuondoka alinikuta sebuleni napangusa vidonge, akaketi kando yangu, akaviangalia kwa muda mrefu kupitia miwani mipya. Akaweka kidole juu ya Halua, hakugusa, akauliza, "Hii ni ya wasichana tu?"

Nikamwambia hapana, mama, karibu.

Nilimkalisha dirishani. Kope za mtu mzima ni nyingine: ngozi imelegea, ukivuta brashi inafuata nayo. Nilimwomba afumbe macho, nikaishika kope kwa kidole gumba juu karibu na nyusi, kwa upole, na nikaipiga rangi badala ya kuifagia, kidogo kidogo, kama unavyobonyeza unga wa maandazi kuona kama umeumuka. Hapa mati ilinionyesha thamani yake kuliko kwa bibi harusi yeyote. Rangi ya kumeta ingeingia kwenye kila mkunjo na kuuhesabia watu. Halua ilitulia. Haikufuta miaka yake, wala sikutaka ifute. Iliweka kivuli chenye joto pale ambapo jicho lilikuwa limeanza kujificha, na chini yake wanja wake mwenyewe aliokuja nao kutoka Tanga, wa kwenye kile kichupa chake.

Alijitazama kwenye kioo bila miwani, kisha na miwani. Akajifunga mtandio upya, akaurudisha nyuma kidogo. Akasema, "Baba yako mdogo angekuwapo."

Asubuhi nilipokuwa namfungia vitumbua vya safari, nilibandua Halua kutoka kwenye kopo, nikairudisha kwenye kisanduku chake cha plastiki, nikaweka na brashi moja ndogo, nikampa. Alikataa mara mbili kama inavyopasa, ya tatu akapokea kwa mikono miwili. Ameniambia kwa simu kwamba ameipaka Ijumaa mbili.

Kwa hiyo ndani ya kopo kuna nafasi tupu, safu ya pili, katikati, na nikisema tisa naihesabu na yeye. Jumamosi hii sina mteja. Naenda Kariakoo na sumaku yangu mfukoni, namba ya Halua nimeiandika nyuma ya risiti ya saruji.